Kadi ya chanjo haikumtambua mbwa wangu, chipu ingemtambua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa Manispaa yetu ya Tabora, wataalamu wa mifugo na wananchi wenzangu tunaofuga mbwa, kuhusu jambo ambalo naona limechelewa kufikiriwa katika mji huu, nalo ni kuwawekea mbwa wa nyumbani chipu ya utambulisho chini ya ngozi na kuifungamanisha chipu hiyo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Isevya, na nimefuga mbwa kwa zaidi ya miaka 20. Nayaandika haya kwa sababu ya tukio lililotokea mtaani kwetu, ambalo kila nikilikumbuka naona lingeamuliwa kwa dakika moja kama mbwa wangu angekuwa na kitu kisichozidi punje ya mchele.

Mbwa huyo aliitwa Simba. Alikuwa dume, rangi ya kahawia, mbwa wa kienyeji kama walivyo wengi hapa Tabora. Kila mwaka nilimpeleka kwenye chanjo nikiwa nimemfunga kamba, na kadi yake niliihifadhi katika bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Jioni moja mtoto wa darasa la pili aling'atwa kigimbi alipokuwa akirudi kutoka dukani. Akasema ni mbwa wa kahawia. Wakati huo mtaani petu palikuwa na mbwa wa kahawia wasiopungua watatu, na wawili kati yao hakuna aliyejua wanalala wapi. Watu wakaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mlango wa kugongwa.

Kwanza nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya mkononi, kama tulivyofundishwa na kama ambavyo kila mzazi anapaswa kujua, kisha nikajiandaa kumsindikiza mtoto hospitali. Kabla hatujaondoka nilimletea baba yake kadi ya chanjo. Akaisogeza kwenye taa, akaisoma polepole, halafu akaniuliza kwa adabu lakini kwa uchungu: "Mama, hapa pameandikwa Simba, kahawia, dume, miaka miwili. Nitajuaje kwamba kadi hii ni ya mbwa huyu?" Sikuwa na jibu. Niliitazama ile kadi kana kwamba naiona kwa mara ya kwanza. Muhuri ulikuwa umefifia, umri uliandikwa kwa kukisia, na maelezo yaliyobaki yangemfaa mbwa yeyote wa kahawia kuanzia hapa hadi Urambo. Mwaka ule wa mwisho nilikuwa nimehakikisha kwa macho yangu kwamba sindano imeingia, lakini ushahidi wangu ulikuwa karatasi isiyofungwa na chochote kwenye mwili wa mnyama.

Niliomba mbwa afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Huo ndio muda unaopendekezwa kitaalamu, kwa maana mbwa aliyekuwa na virusi vya kichaa katika mate yake siku aliyong'ata huugua au hufa ndani ya siku hizo, na akibaki mzima basi hakumwambukiza aliyemng'ata. Tulikubaliana. Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta Simba amekwisha kuuawa kwa fimbo na vijana, akiwa bado amefungwa kamba ambayo niliifunga mimi mwenyewe kwenye mti wa mwembe. Alizikwa usiku uleule, na hakuna aliyechukua sampuli ya ubongo kwa ajili ya maabara. Mtoto alimaliza sindano zake zote, namshukuru Mungu, na ni mzima. Wiki iliyofuata mbwa mwingine wa kahawia alikuwa bado anapita nyuma ya duka lilelile.

Simlaumu baba yule. Katika miaka yangu ya kazi nilimhudumia mgonjwa mmoja wa kichaa cha mbwa, mtu mzima, aliyekuwa akishtuka na koo kumkaza kila alipoletewa kikombe cha maji, na ambaye sisi wauguzi tulijua kwamba hakuna tutakalomfanyia zaidi ya kumpunguzia mateso. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Mzazi aliyewahi kusikia habari hizo hawezi kuridhika na kadi isiyothibitisha kitu, na mimi ningekuwa yeye nisingeridhika.

Baadaye familia moja jirani, iliyokuwa ikijiandaa kuhamia Ulaya, iliniita nishuhudie mbwa wao akiwekewa chipu, na nilikwenda kwa udadisi wa mtu aliyeshika mabomba ya sindano maisha yake yote. Daktari wa mifugo alitoa sindano nene kuliko zile tunazochanjia watoto, ikiwa imefungwa katika pakiti yake safi pamoja na vibandiko vidogo vyenye namba. Kabla ya kuifungua alipitisha kisomeo, yaani kifaa cha mkononi cha kusomea chipu, juu ya pakiti, ili kuhakikisha kwamba chipu inasomeka na namba yake inalingana na ya vibandiko. Halafu, binti wa familia ile akiwa anamlisha mbwa ugali na dagaa, daktari aliinua ngozi katikati ya mabega kwa vidole viwili, akachoma, akasukuma, akatoa sindano, akabonyeza mahali pale kwa kidole kwa muda mfupi. Mbwa aligeuza shingo kumtazama, akarudi kwenye dagaa wake. Niliona tone la damu lisilozidi kichwa cha pini. Kisomeo kilipopitishwa tena mgongoni kililia, na tarakimu 15 zikatokea kwenye kioo chake. Kibandiko kimoja kilibandikwa kwenye kitabu cha chanjo, mbele ya macho yetu, na hapo ndipo nilipoielewa kasoro ya kadi yangu. Kitabu kile na mbwa yule sasa vilikuwa na namba moja.

Kwa wasomaji wasioifahamu, chipu hiyo ni kichupa cha kioo maalumu kisichodhuru mwili, chenye urefu wa takribani milimita 12 na unene wa milimita 2, na ndani yake mna waya mwembamba sana uliozungushwa pamoja na saketi iliyobeba namba. Haina betri. Hukaa kimya chini ya ngozi mpaka kisomeo kitakapoletwa karibu, sentimita chache tu, na kuipelekea mawimbi ya redio yanayoiamsha kwa muda wa kuitaja namba yake. Kwa sababu hiyo haichakai wala haihitaji kubadilishwa, na mbwa huishi nayo hadi mwisho wa maisha yake. Mkanda wa shingoni hukatika au huibiwa, rangi ya manyoya hufanana, jina huweza kuitikiwa na mbwa yeyote mwenye njaa, lakini namba ile haipatikani kwa mbwa wa pili.

Niliuliza kwa nini baada ya chipu mbwa yule alichanjwa upya, ilhali alikwisha kuchanjwa miezi michache kabla. Nikaelezwa kwamba sheria za Umoja wa Ulaya kuhusu wanyama wanaosafiri hazihesabu chanjo ya kichaa iliyotolewa kabla mnyama hajawekewa chipu. Ni lazima chipu itangulie, au vyote vifanyike siku moja. Chanjo ya kwanza baada ya hapo husubiriwa siku 21, na kwa mbwa anayetoka nchi kama yetu huongezwa kipimo cha damu, kinachochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo kuona kama kinga imejengeka, kisha miezi mitatu ya kungoja. Mwanzoni niliona ni usumbufu wa watu wenye mambo mengi. Nilipofika nyumbani nikatambua kwamba lile sharti la kwanza ndilo swali la baba wa yule mtoto, limeandikwa kisheria: tutajuaje kwamba chanjo hii ni ya mbwa huyu? Walioliandika wameliuliza kwa ajili ya mipaka ya nchi zao. Sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kuliuliza, maana huko kwao ugonjwa huu wa mbwa umekwisha kudhibitiwa na hapa kwetu bado unaua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, takribani 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dunia imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivi ifikapo 2030, na njia inayokubalika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo, mwaka hadi mwaka. Lakini asilimia 70 ya wangapi? Katika kampeni zetu mtaalamu huchanja wanaoletwa, huandika idadi jioni na kuondoka. Mbwa aliyeletwa na mtoto asubuhi shuleni anaweza kuletwa tena na baba mchana ofisi ya kata, naye akahesabiwa mara mbili, wakati mbwa wa machungani ambaye hajawahi kuguswa na sindano hahesabiwi kabisa. Kisomeo kingemtambua yule wa kwanza papo hapo, na dozi ile ingebaki kwa ajili ya wa pili.

Nisieleweke vibaya kwamba naiona chipu kuwa dawa. Haizuii ugonjwa wowote. Wala haimtafuti mbwa aliyepotea, ingawa wapo wanaoamini kwamba mwenye simu ataweza kumwona mbwa wake anapozunguka Ng'ambo au Kitete. Hiyo ni kazi ya vifaa vingine vyenye betri, na chipu haina uwezo huo. Ikitokea halmashauri ina fedha za kitu kimoja tu, basi zinunuliwe chanjo, na mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Ninachosema ni kwamba chanjo isiyoweza kuthibitishwa hupoteza nusu ya faida yake siku ile inapohitajika zaidi, yaani siku mtoto anapong'atwa.

Jambo ambalo ningependa wataalamu walitilie mkazo kuliko yote ni daftari. Namba ya tarakimu 15 haina jina la mtu, haina namba ya simu, haina tarehe ya chanjo. Hivyo vyote hukaa katika kumbukumbu zilizohifadhiwa mahali fulani, na zikikosekana kumbukumbu hizo, namba ile ni sawa na ufunguo wa nyumba isiyojulikana iko mtaa gani. Uingereza, ambako tangu Aprili 2016 ni lazima kila mbwa awe na chipu afikishapo wiki nane, na asiyetii anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500, kumbukumbu zimegawanyika katika kanzidata nyingi za kampuni mbalimbali, na wenye mbwa wanaohama au kubadilisha namba ya simu wengi husahau kutoa taarifa. Matokeo yake mbwa hupatikana, chipu husomwa, na mwenyewe asipatikane. Sisi ambao hatujaanza tunaweza kuliepuka kosa hilo. Daftari liwe moja kwa nchi nzima, lisiwe la muuzaji wa chipu, na afisa mifugo wa kata awe na uwezo wa kulifungua na kulirekebisha. Hata namba zenyewe zinahitaji uamuzi wa kitaifa: tarakimu tatu za kwanza huonyesha nchi au mtengenezaji, na Tanzania katika orodha ya kimataifa ni 834, lakini nchi hustahili kutumia tarakimu zake pale tu inapoweza kuhakikisha kwamba hakuna namba itakayotolewa mara mbili.

Hili si geni kwetu kama linavyosikika. Tunayo Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na wafugaji wa Nzega, Igunga na Uyui wamekwisha kuzoea kusikia habari za hereni za kielektroniki za ng'ombe. Viwango vya kimataifa vinavyoongoza chipu za mbwa, ISO 11784 na ISO 11785, vilitungwa kwa ajili ya utambuzi wa wanyama kwa jumla, mifugo ikiwamo. Ni vyema basi, pale serikali inaponunua visomeo, ihakikishe kwamba kinachosoma sikio la ng'ombe kinaweza pia kusoma bega la mbwa anayemlinda ng'ombe huyo. Gharama itapungua sana. Chipu yenyewe hulipiwa mara moja tu katika maisha ya mbwa, na kisomeo kimoja kikitunzwa kinaweza kuhudumia kata nzima kwa miaka mingi.

Najua hofu iliyopo, maana nimezungumza na majirani. Wengi hudhani kwamba daftari la mbwa ni daftari la kodi, na mtu akihisi kodi atamficha mbwa wake porini hata chanjo asipate. Hofu hiyo isipuuzwe. Naishauri Manispaa itamke wazi, kabla ya mbwa wa kwanza kuandikishwa, kwamba kumbukumbu hizi hazitatumika kumtoza mtu ushuru wa kufuga. Hofu ya pili nayo ni haki isemwe: mwenye mbwa mkali hapendi namba itakayomfuata. Leo mbwa aking'ata, ghafla anakuwa hana mwenyewe, na aliyemlisha jana anasema hamjui. Hapo sina maneno ya kumfariji mtu. Kama mbwa wangu amemjeruhi mtoto wa mwenzangu, nauli na matibabu vinanihusu, na chipu inayonizuia kukana ni haki ya yule mtoto.

Ningependa pia wasahaulike kidogo wale wanaofuga na wakumbukwe wasiofuga. Wapo majirani zangu ambao kwa imani yao hawagusani na mbwa, na watoto wao hutoka alfajiri kwenda madrasa wakipita katikati ya mbwa ambao hakuna anayewasemea. Wao ndio wanaodai mara kwa mara kwamba mbwa wazururaji wauawe, na madai yao yana msingi. Lakini mauaji ya jumla huondoa hata mbwa waliochanjwa, nafasi zao zikajazwa na wengine wasio na kinga, na mwaka unaofuata tunaanza upya. Kama kila mbwa mwenye nyumba angekuwa na namba, anayekamatwa barabarani angesomwa mgongoni kwanza. Akiwa na namba, mwenye mbwa angeitwa, angeonywa, na akirudia angewajibishwa. Asiye na namba angechanjwa na kutafutiwa utaratibu mwingine unaokubaliana na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo haijawahi kuruhusu mnyama afungwe kamba na kupigwa fimbo mpaka afe.

Warina asali wa Sikonge huenda porini na mbwa wao kwa siku nyingi, na wachungaji huvuka nao wilaya hadi wilaya, wengine kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Mbwa kama hao hukutana na wanyama wa mwituni, na ugonjwa unaweza kwenda pande zote mbili. Kwa hiyo naelewa kwamba mjini ndiko rahisi kuanzia, ila ingekuwa kosa kuishia mjini.

Ombi langu ni dogo na linaweza kutekelezwa mwaka huu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Manispaa ichague kata moja tu, iwe Isevya au nyingine, na katika zoezi la chanjo la siku hizo kila mbwa atakayeletwa awekewe chipu kwanza, achanjwe, na namba yake iandikwe pamoja na jina na simu ya mwenye mbwa, kwa wale watakaokubali kwa hiari. Baada ya mwaka mmoja wataalamu waseme ni wangapi waliorudi, ni wangapi waliopotea na kupatikana, na ni mara ngapi kisomeo kiliamua ugomvi wa aliyeng'atwa na mwenye mbwa. Kata ile ikishindwa, tutajua imeshindwa kwa nini.

Mezani pale atahitajika mtu wa kuandika, kwa sababu afisa mifugo mmoja hawezi kumshika mbwa, kuchoma sindano na kujaza daftari kwa wakati mmoja. Mwandiko wangu bado unasomeka na macho yangu yanaona vizuri kwa miwani. Niko tayari kukaa hapo siku zote za zoezi bila malipo, na kiti nitakuja nacho mwenyewe.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Isevya, Tabora